Dhahabu Ndani ya Jicho la Kamera

Historia ya upigaji picha katika Afrika ya Mashariki aghalabu huandikwa kwa kuzitazama picha zenyewe: nani amepigwa, amevaa nini, nyuma yake pana jengo gani. Ni nadra kuulizwa aliyepiga aliona nini kabla hajabonyeza. Kati ya jicho lake na ulimwengu palikuwa na kidirisha cha kioo kisichozidi ukubwa wa ukucha, na kioo nacho huugua. Kamera ya miaka ya 1950 ikitolewa leo kwenye kasha, iwe Mwanza au Mji Mkongwe wa Zanzibar, mara nyingi kidirisha hicho kimeingia utando, kimegeuka manjano, au kimekufa kabisa. Mrithi husema kamera imepofuka, akaiweka kando. Mtafiti naye, mwenye picha iliyofifia mkononi, husema kamera ilikuwa mbovu, akafunga jalada. Wote wawili wanahukumu kabla ya kumsikiliza shahidi.

Makala haya yanamsikiliza shahidi huyo. Yanaeleza namna jicho la kamera za kipimamasafa linavyozeeka na namna ya kuzitambua dalili zake, na uwanja wake ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kusini ya Ziwa Viktoria. Uwanja huo una sababu tatu. Kamera hizo na migodi ile vilikua katika miaka ile ile. Hali ya bara huziua kamera kwa njia isiyokuwa ile ya pwani. Na dhahabu yenyewe, ile ambayo watu wa ukanda ule wameifuata chini ya ardhi kwa zaidi ya karne moja, imo ndani ya jicho la baadhi ya kamera hizo.

Miaka ile ile

Kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, iliingia sokoni mwaka 1925. Ilikuwa nyepesi, ikatumia filamu ya milimita 35 iliyokuwa ya sinema, lakini haikuwa na chombo cha kupimia masafa. Mpiga picha alikisia umbali kati yake na anayepigwa, au akachomeka kipimio cha pembeni juu ya kamera. Mwaka 1932 mambo yaligeuka. Leitz walitoa Leica II, na Zeiss Ikon wa Dresden wakatoa Contax, zote mbili zikiwa na kipimamasafa kilichofungamanishwa na lenzi.

Kazi ya kipimamasafa si ngumu kuielewa. Mbele ya kamera pana vidirisha viwili vilivyoachana. Taswira inayoingia kwenye kidirisha cha kwanza hupita moja kwa moja hadi jichoni. Ile ya kidirisha cha pili hupindishwa, ikapelekwa kwenye kioo cha namna ya pekee, ambacho hupitisha sehemu ya mwanga na kuakisi sehemu nyingine. Kioo hicho na kiitwe hapa kioo-nusu. Hapo ndipo taswira mbili zinapokutana, na mpiga picha huona, katikati ya anachokitazama, kiraka kidogo chenye taswira ya pili. Akizungusha lenzi, kiraka husogea. Mlingoti uliokuwa miwili ukiwa mmoja, lenzi imelenga. Wapenzi wa ushairi wataielewa hali hiyo kwa haraka: ukwapi na utao ni vipande viwili, na mshororo hautimii mpaka kila kimoja kikae mahali pake.

Usahihi wa kipimo hutegemea mno umbali ulioko baina ya vidirisha hivyo viwili. Katika Leica za miaka ya 1930 ulikuwa karibu milimita 39. Katika Contax II ya mwaka 1936 ulikuwa karibu milimita 90, na kamera hiyo ikaunganisha kulenga na kuchungulia katika tundu moja. Leitz walilifikia jambo hilo mwaka 1954, walipotoa Leica M3, yenye umbali wa karibu milimita 69.

Kusini ya Ziwa, dhahabu ilianza kugunduliwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, lakini uchimbaji mkubwa ulingoja muongo huo huo wa 1930. Mnamo Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake kwenye dhahabu. Mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mawe ambayo jana hayakustahili kupondwa, leo yakastahili. Reli ya kutoka Tabora, ipitayo Shinyanga, ilikuwa imekwisha kufika Mwanza mwaka 1928, na mgodi wa Geita ukaanza kazi katikati ya miaka ya 1930, ukawa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Tanganyika hadi ulipofungwa mwaka 1966. Upande wa Shinyanga, mwaka 1940, mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947 ilitoka hapo almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake.

Watu waliozinunua kamera za kipimamasafa duniani walikuwa wanajiolojia, wahandisi, madaktari, maafisa na wasafiri, yaani watu wa kutembea, wasioweza kubeba kamera ya miguu mitatu. Watu wa namna hiyo ndio walioletwa na migodi katika ukanda ule. Studio za pwani zilikuwa na desturi nyingine. Gomes wa Zanzibar, tangu karne ya 19, na Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni majina yanayojulikana na kila apendaye picha za visiwani. Kamera kubwa za studio zilimwonyesha fundi taswira iliyopita katika lenzi yenyewe, ikiwa kichwa chini miguu juu, juu ya kioo cha ukungu nyuma ya kamera. Alichokiona fundi ndicho kilichokuja kukaa kwenye sahani. Mwenye kamera ya kipimamasafa hakutazama kupitia lenzi hata siku moja. Alitazama kwa tundu la pembeni, na lenzi ikatazama kivyake. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini juu yake umejengwa utambuzi wote wa maradhi ya jicho la kamera.

Unyevu wa pwani, vumbi la bara

Adui wa kamera ya pwani ni unyevu. Kuvu hupata nafasi pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 70 kwa muda mrefu, na visiwani hali hiyo ni ya kawaida. Mkoba wa ngozi, ambao mwenyewe hudhani anailindia kamera yake, hunywa unyevu na kuuhifadhi, na kuvu huota kwenye ngozi kabla ya kuhamia kwenye kioo. Giza la kabati humalizia kazi. Kuvu hao hutoa asidi, na wakiachwa miaka mingi huila sura ya kioo, hata wakiondolewa alama yao ikabaki.

Shinyanga si hivyo. Kiangazi chake ni kirefu, jua lake ni kali, na vumbi lake lina historia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 mji huo ulikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Njia moja kubwa ya kumpiga vita mdudu huyo ilikuwa kufyeka vichaka anamojificha, na maeneo makubwa ya Usukuma yalifyekwa. Mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikaongeza, mpaka nchi ikabaki wazi kwa upepo. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioyafufua malisho ya akiba yaitwayo ngitili na kuirudisha miti. Kwa hiyo vumbi linalokutwa ndani ya kamera iliyofanya kazi huko katikati ya karne iliyopita halikuletwa na upepo peke yake. Kwa sehemu liliachiwa na shoka.

Vumbi la migodini ni kali zaidi. Dhahabu ya ukanda ule hupatikana mara nyingi pamoja na kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo ni gumu kuliko kioo cha kawaida. Punje yake ikinaswa kwenye kitambaa cha kufutia, kitambaa hugeuka msasa. Jiwe hilo hilo likipondwa hutoa vumbi jembamba linaloingia mapafuni mwa mchimbaji na kuyaharibu polepole, na madhara hayo ni makubwa mno kuliko mkwaruzo wowote wa kioo. Lakini vyote viwili hutoka katika kinu kimoja.

Juu ya vumbi pana joto. Grisi iliyowekwa kwenye lenzi na kwenye mitambo hulainika, sehemu yake ikageuka mvuke mwembamba, na mvuke huo hutua juu ya vioo vya ndani. Gundi iliyoshika vipande vya kioo hukauka na kujikunja. Katika kamera nyingi za zama hizo gundi hiyo ilikuwa utomvu wa mti wa jamii ya msonobari uotao Kanada, angavu kama maji inapokuwa mpya, manjano na yenye nyufa inapozeeka. Tena pana mtikisiko wa reli, lori na baiskeli, ambao hulegeza skrubu ndogo za kurekebishia kipimamasafa, nukta kwa nukta, bila mwenyewe kuhisi.

Kuzisoma dalili

Fundi mwema haanzi kwa bisibisi. Huanza kwa kutazama, na kila dalili ina maana yake.

Kwanza huielekeza kamera kwenye mwanga na kumulika kurunzi kwa pembeni katika vidirisha vya mbele. Akiona weupe mwembamba uliotandaa sawasawa, kama pumzi juu ya kioo cha kujitazamia, huo ni mvuke wa grisi. Akiona nyuzi zinazotawanyika kama mizizi au utando wa buibui, hao ni kuvu. Akiona rangi za upinde wa mvua kando ya kioo, au mapovu bapa, au manjano yanayoanzia pembeni kuelekea kati, hapo gundi imeachana. Leica M3 inajulikana kwa ugonjwa huu wa mwisho. Tabaka lake la kuakisi limefungwa katikati ya vipande viwili vya prizimu vilivyogundishwa, na kipigo kimoja baada ya miaka mingi ya ukavu huweza kuvitenganisha, kidirisha kikaingia kiza kwa ghafla.

Pili huchungulia na kukitafuta kile kiraka cha katikati. Kikionekana kwa shida, huweka kidole mbele ya kidirisha kikubwa ili kukizuia. Kiraka kikijitokeza wazi gizani, ina maana taswira ya pili inafika ila imedhoofika: ama kioo kichafu, ama tabaka la kioo-nusu limeliwa. Asipoona kitu hata baada ya kuziba, taswira ya pili haifiki kabisa. Huenda kioo kimeanguka kutoka mahali pake, au kidirisha kidogo kimezibwa. Akiitikisa kamera taratibu karibu na sikio na kusikia kitu kinagonga, amekwisha kupata jibu.

Tatu hupima ulinganifu. Lenzi huwekwa kwenye alama ya mbali kabisa, ile ya isiyo na mwisho, kisha hutazamwa kitu kilicho mbali mamia ya mita. Mwanapwani huchagua mlingoti wa jahazi uliosimama dhidi ya mbingu. Mtu wa Shinyanga ana nguzo za simu za uwandani na majabali yaliyosimama peke yake. Usiku wote wawili wana mwezi, na mwezi ni kipimo bora kuliko vyote, kwa kuwa uko mbali kuliko kamera yoyote inavyoweza kukosea. Miezi miwili ikionekana kando kwa kando, kipimamasafa kimehama, na kila kipimo kitakosewa upande ule ule. Ikionekana mmoja juu ya mwingine, kosa ni la wima. Hilo humchosha mpiga picha na kumchelewesha, lakini mara nyingi haliharibu umbali, kwa kuwa bado anaweza kulinganisha mistari ya kusimama.

Utambuzi huu una faida ya kuwatenga wagonjwa wanaofanana. Vidirisha viwili vilivyofifia sawasawa vinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa. Kimoja kina mvuke wa grisi, na baada ya kusafishwa kitarudi kama kilivyotoka kiwandani. Kingine kimepoteza tabaka la kioo-nusu, na usafi hautakirudishia kitu. Kumsafisha mgonjwa huyu wa pili ndiko kunakommaliza.

Tabaka lisilofutwa

Hapo ndipo dhahabu inapoingia. Ili kioo kiakisi nusu na kupitisha nusu, hupakwa tabaka la madini jembamba mno. Viwanda vingi vilitumia fedha au aluminiamu. Zeiss Ikon, katika prizimu ndefu ya Contax, walitumia dhahabu, na Kiev, kamera iliyotengenezwa Ukraine kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa mitambo na michoro ya Contax iliyochukuliwa Ujerumani kama fidia ya vita, ikafuata njia hiyo.

Sababu yake iko katika tabia ya dhahabu mbele ya mwanga. Michael Faraday aliieleza mjini London mwaka 1857: dhahabu ikifanywa nyembamba vya kutosha, huakisi rangi ya manjano lakini hupitisha rangi ya kijani. Yaani anayeitazama huiona njano, na anayetazama kupitia kwayo huiona dunia imeingia ukijani. Ndani ya kamera, taswira moja hupita na nyingine huakisiwa, hivyo moja huelekea kijani na nyingine huelekea manjano, na jicho huweza kuzitofautisha hata pale mwanga ni haba. Aonaye kidirisha cha Kiev kina ukijani asidhani ni uzee. Ndivyo kilivyozaliwa.

Kiasi cha dhahabu hiyo ni kidogo hata kukihesabu kwa mizani ya sonara ni muhali. Tuseme kioo kina eneo la sentimita moja ya mraba na tabaka lina unene wa nanomita 20, yaani sehemu 20 za milioni moja ya milimita. Gramu moja ya dhahabu ingetosha kupaka vioo kama hivyo zaidi ya 25,000.

Dhahabu haiingii kutu wala haifanyi weusi kama fedha. Kinachoharibika ni kile kinachoishika: gundi, kioo kilicho chini yake, na zaidi ya vyote subira ya mwenye kamera. Tabaka la nanomita chache lililo wazi halistahimili kitambaa. Mpanguso mmoja wa pamba iliyochovywa spiriti huweza kuliondoa lote, na mtu huyo akabaki na kioo safi kisicho na kazi. Pamba ndilo zao ambalo kwa miaka mingi limeitwa dhahabu nyeupe katika Usukuma. Ndani ya kamera, dhahabu nyeupe huifuta ile ya manjano. Kwa sababu hiyo mafundi wana kanuni: kioo-nusu kilicho wazi hakifutwi. Hupulizwa vumbi kwa kipulizo cha mpira, na kisipopona hubadilishwa. Asiye na kioo cha kubadilisha hubandika kipande kidogo cha plastiki cheusi katikati ya kidirisha kikubwa kwa nje, ili kiraka kipate kivuli cha kuonekania. Ni dawa ya maskini, lakini inafanya kazi.

Dhahabu haikuwa ngeni katika sanaa hii. Picha za mwanzo kabisa, zile za Louis Daguerre zilizotangazwa Paris mwaka 1839, zilidhihirishwa kwa mvuke wa zebaki juu ya bamba la fedha. Mwaka 1840 Hippolyte Fizeau akaonyesha namna ya kuziimarisha kwa chumvi ya dhahabu. Baadaye picha za karatasi za karne ya 19, za aina ile waliyoitumia wapiga picha wa Zanzibar kama wa kwingineko, zilitiwa dhahabu ili zisififie na ziwe na rangi ya zambarau iliyoiva. Zebaki na dhahabu zingali pamoja kusini ya Ziwa. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama huinasa dhahabu ya unga kwa zebaki, kisha huichoma zebaki iondoke kwa mvuke, na mvuke huo huumiza mishipa ya fahamu ya anayeuvuta. Wapiga picha wa kwanza waliinamia sumu hiyo hiyo ili kuipata sura ya mtu.

Jicho la kamera na jicho la picha

Sasa swali la mwanahistoria. Mtu amepata picha ya miaka ya 1950 kutoka mgodini: mashine ya kupondea mawe, wafanyakazi watano mbele yake, meneja pembeni. Picha haiko sawa. Je, kamera ndiyo yenye hatia?

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba ukungu wa kidirisha haufiki kwenye filamu. Mwanga unaochora picha hupita kwenye lenzi, na kidirisha hakiko katika njia hiyo. Kamera ambayo leo jicho lake limefunga utando kama la mzee mwenye mtoto wa jicho huenda ilipiga picha safi kabisa, tena huenda utando wenyewe uliingia miaka 30 baada ya picha ya mwisho. Picha iliyotanda weupe imeugua lenzi, au imeugua maji ya dawa, au imeugua yenyewe katika albamu. Kidirisha hakimo.

Maradhi ya kidirisha huacha alama mbili tu. Ya kwanza ni umbali uliokosewa. Hii hutambulikana kwa kuwa ndani ya picha hiyo hiyo pana kitu kilicho wazi: watu wamefifia lakini ukuta ulio nyuma yao unaonyesha kila tofali. Picha iliyotikisika haina kitu kilicho wazi, nayo mistari yake yote huvutika upande mmoja. Lakini picha moja haitoshi kuwa ushahidi. Kipimamasafa kilichohama hukosea daima upande ule ule, basi mtafiti sharti aifuate filamu nzima. Kila fremu ikiwa imelenga nyuma ya shabaha yake, chombo ndicho kilichokosea. Ikiwa meneja na mashine ni wazi kila wanapotokea, na wafanyakazi peke yao ndio waliofifia fremu baada ya fremu, hapo kioo hakina kosa. Mpiga picha alilenga alichokiona kuwa kina thamani.

Alama ya pili ni ukingo wa picha. Tundu la kuchungulia liko juu ya lenzi, kwa hiyo linaona juu kidogo kuliko lenzi inavyoona, na anayejaza kidirisha mpaka ukingoni hupoteza sehemu ya juu. Wasomaji wa picha za kikoloni wamezoea kuuona mkato wa namna hiyo kuwa dharau, na mafundi wamezoea kuutetea kwa kisingizio cha tundu. Vipimo huamua baina yao. Kati ya tundu na lenzi pana sentimita chache tu, na hizo ndizo zinazopotea, takriban, kwenye mwili wa anayepigwa. Kwa hiyo kamera inaweza kumkata mtu kofia. Kichwa kizima hukatwa na mwenye kamera.

Huo ndio uzito wa jambo hili linaloonekana kuwa la mafundi peke yao. Katika ukanda ule picha zilipigwa na wachache, na waliopigwa wengi hawakuandikwa majina. Picha yao ndiyo hati yao. Mwenye kuilaumu kamera kwa kila kosa anamsamehe mpiga picha bila kumsikiliza, na mwenye kumlaumu mpiga picha kwa kila kosa anamhukumu kwa kosa la skrubu. Haki ya pande zote mbili inataka kamera ipimwe.

Na kupima kunawezekana pale tu kamera ingalipo. Mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, kamera za kutazama kupitia lenzi, kama Nikon F ya mwaka 1959, zilikuwa zimekwisha kuanza kuzisukuma kando zile za kipimamasafa, ingawa Japani iliendelea kutengeneza za bei nafuu, miongoni mwao Yashica Electro 35 iliyotoka mwaka huo huo. Uchimbaji mkubwa uliporejea Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, filamu yenyewe ilikuwa imekaribia kuachwa. Kamera za zama za kwanza zimebaki kwenye makasha, katika nyumba za warithi, parokia na ofisi za zamani, bara na visiwani.

Mwenye kuikuta mojawapo na atende mambo machache. Asiifute ndani. Asiirekebishe skrubu kabla ya kuijaribu kwa mwezi na kuandika miezi miwili imeachana kiasi gani na upande gani, kwa sababu kosa hilo ni kumbukumbu, na likisharekebishwa halisomeki tena. Aitoe katika mkoba wa ngozi, aiweke mahali pakavu penye hewa na mwanga. Aandike nani aliitumia, wapi, na tangu lini imelala. Filamu na picha zilizokutwa pamoja nayo zisitenganishwe nayo, maana mwenye kutaka kujua kwa nini mtu fulani amefifia katika picha ya mgodi atahitaji vyote viwili: picha, na jicho lililoichagua.